Jibu Nililomtungia Nyaboke

Naikumbuka siku moja, mwanangu, ambayo niliona aibu kuliko siku zote, na leo naishukuru kuliko zote.

Nilikuwa nimemaliza shule, nachuma chai na mama huku Magwagwa, alipokuja Daktari Kemunto, mhadhiri wa historia. Alikuwa anaandika kitabu juu ya wajane wetu: waliishi vipi baada ya kufiwa, na nani aliwaamulia mambo. Alikulia mbali, lugha yetu ya Ekegusii hakuielewa vizuri. Basi kazi yangu ikawa kuwauliza kina mama wazee na kumwandikia majibu kwa Kiswahili.

Mmoja wao alikuwa Nyaboke, wa upande wa Nyamarambe. Alijibu kila kitu isipokuwa swali moja: kwa nini alikataa kurithiwa na shemeji yake? "Hilo uje Alhamisi," akasema, "leo nina wageni."

Alhamisi mvua ikanyesha, na ni mbali. Sikwenda; nikaketi jikoni nikajaza jibu mwenyewe: alikataa kwa sababu kanisa lilimkataza. Wengine wengi walikuwa wamesema hivyo. Nikaona, huyu naye atasema nini tofauti?

Sikujua kwamba Daktari, kabla ya kupeleka kitabu kikachapishwe, huwarudia wenye maneno awasomee. Alinichukua nitafsiri. Nyaboke akatuandalia chai na ndizi za kuchemsha. Nilipofika kwenye jibu lile nikalisoma haraka haraka.

Akaweka kikombe chini. "Hayo nani amesema?"

"Ni wewe, magokoro." Ndivyo tunavyomwita bibi. Nikawa nimedanganya mara ya pili.

"Mimi? Kanisa gani, Moraa? Wakati huo hata sikuwa nimebatizwa. Shemeji alikuja na wazee wa ukoo, nikasimama mlangoni na mtoto mgongoni, nikawaambia sitaki. Hakuna aliyenifundisha kusema hivyo. Sasa unaandika kwamba nilikatazwa?"

Daktari akanigeukia. "Anasema nini?"

Hakuwa ameelewa, mwanangu. Ningeweza kumwambia bibi anasifu kitabu, na mambo yangeishia hapo. Nilimtazama Nyaboke, nikaona ananisubiri. Nikatafsiri yote, neno kwa neno, kisha nikasema jibu lile nililitunga mimi.

Daktari akaniuliza, "Mengine mangapi umetunga?"

"Ni hilo tu."

"Nitajuaje?"

Nilianza kulia. Nyaboke ndiye aliyeniokoa. "Mwambie asikufukuze," akaniambia. "Ukae hapa leo nikusimulie yote. Halafu uwarudie wale wengine wote, mmoja mmoja, wasikie ulichowaandikia."

Hata hilo nililitafsiri, kwa aibu kubwa. Daktari akakubali. Nilizunguka vijiji vyote upya, nikisoma majibu mbele ya wenyewe. Kitabu kilipotoka nilimpelekea Nyaboke. Kusoma hakujua. Akaniomba nimwonyeshe mahali palipoandikwa kwamba alisema hataki, akaweka kidole pale, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Miaka iliyofuata Daktari ndiye aliyenishika mkono nikaenda chuo, nami nikafundisha historia hadi nilipostaafu.

Sasa ni zamu yako kukusanya habari za kitabu chako. Wewe una simu inayorekodi, na mitambo ya kukuandikia ukurasa mzima kabla chai haijapoa. Vitumie. Lakini ukikosa jibu, andika kwamba hukulipata. Hakuna msomi aliyekufa kwa kusema sijui. Usiwasemee watu kwa sababu unadhani unawajua. Ukishaandika, rudi ukawasomee, hata kama njia ni ya matope. Na ukikosea, sema mapema, wakiwa bado hai waweze kukusahihisha na kukusamehe. Mimi nilisamehewa na wanawake wawili kwa siku moja, na kila mema niliyoyapata baadaye yalianzia hapo.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe masikio ya kusikiliza na miguu isiyochoka, akukutanishe na watu watakaokusahihisha kwa upendo, na kila mlango utakaobishia hodi ufunguliwe kwa furaha.