Bei ya Mashine Saba za Maji

Siku yangu ya kwanza katika kampuni ya mashine za maji nilifika getini, pale Kibiti, nikiwa na bisibisi tatu nilizozifunga kwenye kipande cha kanga kuukuu. Sikujua kama fundi hupewa vifaa au huja navyo. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili, mjane, na kabla ya hapo nilikuwa nikitengeneza majokofu ya watu barazani kwangu. Msimamizi wa Njia, Bwana Matimbwa, alizitazama zile bisibisi, kisha akanitazama mimi.

"Bi Tatu, umekuja kufungua au kufunga?"

"Vyote viwili, mzee."

"Kufungua kila mtu anaweza," akasema, akanikabidhi ovaroli iliyonipwaya mabegani.

Ninyi mlioingia kazini wakati mashine zinatuma taarifa zenyewe kwenye simu, huenda msiamini tulivyofanya. Mashine yetu ilikuwa kabati la bati lenye kimo cha mtu mzima. Unatia sarafu, unaweka chupa yako, maji baridi yanatoka. Ndani kulikuwa na tenki, pampu, kompresa ya kupoza, na chujio la kunasa tope. Chini kabisa, nyuma ya kifuniko cha skrubu nne, ndipo ilipokaa mita ya lita, yenye namba ndogo zinazokwenda mbele tu. Mashine zilikuwa saba: mbili Kibiti, sokoni na stendi, moja Bungu, mbili Ikwiriri, moja gatini Nyamisati wanapopanda watu wa boti, na moja Mahege. Kuzizungukia zote kwa gari la maji, kuzijaza, kuzisafisha na kutoa sarafu, ndiyo tuliyoiita njia.

Bwana Matimbwa hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini jambo moja alinirudia mpaka likaniingia. Mwenye duka tuliyemwachia mashine alipotuonyesha daftari la mauzo, yeye alilipokea kwa heshima zote, akashukuru, kisha akapiga goti na kufungua zile skrubu nne. "Daftari linaandikwa na mtu," aliniambia. "Mita inaandikwa na maji."

Nilifanya kazi chini yake miaka tisa. Masika barabara zikikatika tulilala Ikwiriri kwa watu tunaowafahamu. Kiangazi vumbi lilijaza chujio mpaka likawa kama tofali. Mwaka wa kumi nikawa Fundi Mkuu wa Njia, na mwaka huo huo Meneja wa Kanda akaja kutoka Dar es Salaam na habari kwamba kampuni inaacha biashara ya mashine za mitaani. Njia zote zitauzwa kwa watu binafsi.

"Bi Tatu, wewe unaijua njia hii kuliko yeyote," akasema. "Nipe bei ya haki na utie sahihi."

Kupanga bei ya njia inayofanya kazi si sawa na kupanga bei ya chuma. Chuma ni rahisi: unatazama kompresa ina umri gani, bati limeliwa na kutu kiasi gani, unauliza mafundi wenzako. Kazi ni kulithamini eneo. Desturi yetu ilikuwa kuchukua mita ya miezi kumi na miwili, masika na kiangazi pamoja, kwa sababu anayekuonyesha miezi ya joto peke yake anakuuzia jua. Unatoa mafuta ya gari, machujio, umeme, kodi ya eneo na mshahara wa atakayefanya kazi, hata kama ni mwenye mali mwenyewe. Faida inayobaki unaizidisha kwa miezi unayoamini eneo litaendelea kuwa lako. Palipo na mkataba wa maandishi tulihesabu mwaka na nusu. Pa ahadi ya mdomo, miezi sita tu, kwa kuwa ahadi ya mdomo alipewa muuzaji, si mnunuzi.

Nilifanya hivyo kwa mashine zote saba: mita nilizisoma mwenyewe mwanzoni mwa mwezi, kisha nikakaa ofisini na majalada. Iliyong'ara kuliko zote ilikuwa ya Mahege. Ilikaa mbele ya kambi ya mafundi wa barabara, na mkataba wake ulikuwa wa maandishi, una mhuri. Nikaipa mwaka na nusu. Nikajumlisha, nikatia sahihi, meneja akafurahi.

Mnunuzi alipatikana upesi. Alikuwa Bi Somoe, muuguzi mstaafu, mzaliwa wa Ngarambe, aliyehamia Kibiti kwa binti yake. Aliisoma karatasi yangu mstari kwa mstari, akasema atalipa Alhamisi saa nne asubuhi. "Hiki ni kiinua mgongo changu chote," akaniambia. "Miaka yote ile ya kuchoma watu sindano, mwanangu, ndiyo hii."

Jumatano nilikwenda Mahege kubadilisha chujio ili nikabidhi mashine safi. Kila nilipolitoa chujio la Mahege lilikuwa jeusi. Siku hiyo lilitoka jeupe. Nikaligeuza, nikalinusa, nikadhani nimekosea mashine. Kisha nikainua macho. Kambi haikuwepo. Mahali pa mahema palibaki udongo mtupu uliokandamizwa, na mama mmoja alikuwa ametandaza mihogo yake hapo ikauke.

"Wamekwenda wapi hawa?" nikamuuliza.

"Wamemaliza kipande chao, dada. Wiki ya pili sasa. Maji ya hilo kabati nayanywa mimi na wajukuu."

Nikakaa juu ya ndoo. Mita ilikuwa imesema kweli ya mwaka uliopita, na mimi niliichukua kama kweli ya mwaka unaokuja. Mkataba ulikuwa wa maandishi, ndiyo, lakini tulioandikiana nao walikuwa watu wa kambi, na kambi imeondoka. Bi Somoe angelipia watu wasiokuwepo.

Nilimkuta Bwana Matimbwa ofisini akifunga majalada. Nikamweleza. Aliweka jalada chini.

"Umeshatia sahihi?"

"Nimetia, mzee."

"Ningeweza kumwambia meneja mimi. Lakini jina lililo chini ya karatasi ni lako. Kalifute mwenyewe, mbele ya mnunuzi. Mimi nitakaa kando yako."

Asubuhi ya Alhamisi Bi Somoe alifika na binti yake, mkoba kifuani. Meneja alikuwa ameshatandaza hati za mauzo mezani. Nilisimama kabla sijapoteza ujasiri, nikasema yote: kambi, chujio jeupe, mihogo.

Uso wa meneja ulikunjamana. "Bei imeshatiwa sahihi, Bi Tatu."

"Sahihi ni yangu, bwana meneja. Naiondoa."

"Unajua unachokifanya?"

"Najua."

Bi Somoe alinitazama kama anayetafuta mshipa wa mgonjwa. "Ungenyamaza, mimi ningejuaje?"

"Ungejua mwezi wa kwanza, mama. Na kila mwezi baada ya hapo."

Nilingoja asimame na mkoba wake aende zake, na kazi yangu iende naye. Badala yake akauliza, "Na hizo sita nyingine ulikwenda kuzitazama, au ulisoma karatasi tu?"

Nilisema ukweli: mita zote nilizisoma kwa macho yangu, lakini maeneo niliyatazama kwenye majalada. Akamgeukia meneja. "Nipe siku mbili na huyu fundi. Tukirudi na bei, nalipa. Tusiporudi nayo, sinunui."

Bwana Matimbwa akakohoa. "Ni maneno ya haki, bwana meneja. Mnunuzi mwingine hatuna."

Tukaenda, mimi na Bi Somoe, kwa gari la maji. Kule Bungu Bi Somoe aliongea na mwenye duka nusu saa akajua mengi kuliko nilivyojua mimi kwa miaka. Za Kibiti na za Ikwiriri, zote nne, zilikuwa kama nilivyoandika. Nyamisati nilikuwa nimepahesabia miezi sita, kwa kuwa mkataba ulikuwa wa mdomo. Mwenyekiti wa kijiji akatuita, akasema wanataka mashine ibaki kwa ajili ya abiria, na serikali ya kijiji iko tayari kuandika. Akaandika palepale, kwa jina la Bi Somoe, akagonga mhuri.

"Sasa hapa napo hesabu mwaka na nusu," Bi Somoe akaniambia. "Usinipendelee. Haki ni ya pande zote mbili."

Mahege tulihesabu chuma peke yake. Nyamisati ilipanda. Jumla ilishuka kuliko ya kwanza, lakini si kwa kiasi nilichokiogopa. Jumamosi meneja aliisoma karatasi mpya, akauliza maswali matatu, akapumua, akatia sahihi. Bi Somoe akalipa. Mimi nilitoka nje, nikaegemea tairi la gari la maji, nikacheka huku machozi yananitoka. Bwana Matimbwa alinikuta hapo. Alinipa kikombe cha maji, akasimama upande wa jua mpaka nilipomaliza kunywa.

Meneja aliniandikia barua ya onyo kwa kutotembelea maeneo. Nilistahili. Bado ninayo. Kampuni ilipoondoka, Bi Somoe aliniajiri niwe fundi wake, na mashine ya Mahege tukaihamishia mbele ya mashine ya kusaga unga, wanapongoja watu. Nilifanya naye kazi mpaka magoti yalipokataa kupigwa mbele ya zile skrubu.

Sasa nimestaafu. Vijana huniuliza ni jambo gani nililojifunza, wakitarajia niwape hesabu. Hesabu nimeshawaandikia hapo juu. Lililobaki ni kwamba mkikosea, na mtakosea, semeni kabla fedha haijalipwa, maana dakika zile kumi za aibu zinapita.

Sikukuu iliyopita Bi Somoe alikuja kunipa mkono wa Idi. Naye amechoka, anataka kumwuzia njia mpwa wake.

"Nipangie bei," akasema. "Yoyote utakayoandika, namwambia alipe."

"Mwambie kwanza apande gari azizungukie zote saba," nikamjibu.

Bi Somoe akacheka mpaka akashika ubavu. "Yuko nje kwenye gari," akasema. "Nimeshamwambia hivyo hivyo. Anakungoja wewe."