Profesa Hakutaka Kusemewa

Nilimsuka Profesa kwa karibu miaka miwili, nyumbani kwake Madale, kibarazani, mwanangu akitambaa kati ya miguu yetu. Alikuwa mtaalamu wa tawasifu, yaani habari za maisha ya mtu akizieleza mwenyewe, na wanafunzi walikuwa wanatoka hadi nchi za nje kuja kumsikiliza. Mie nilikuwa nashika kichwa tu. Lakini kichwa chenyewe kilikuwa hakitulii.

Siku ya kwanza nilifika nimefura. Mama mwenye nyumba wangu alikuwa anawatangazia watu bombani kwamba baba wa mtoto amenikimbia. Nikammwagia Profesa yote huku namvuta nywele.

"Polepole, hizo nywele zangu, siyo huyo mwanamume," alisema. "Amekukimbia kweli?"

"Wapi. Nimemfukuza mie."

"Sasa mbona umeanza na maneno ya mama mwenye nyumba? Anza na ulivyomfukuza."

Nikaanza. Nilipofika kwenye nguo zake nilizozirusha juu ya paa la jirani, Profesa alicheka mpaka nikapoteza njia niliyokuwa nimeichora katikati ya kichwa.

Ndivyo alivyokuwa. Ukisema "watu wanasema", anakusimamisha hapo hapo. Alichokichukia kuliko vyote ni ile historia ya marehemu inayosomwa msibani: alizaliwa, alisoma, alioa, alijaliwa watoto, aliugua, Mungu akampenda zaidi. "Wote tunazikwa na maisha yale yale," alikuwaga anasema, "wanabadilisha jina tu."

Yeye mwenyewe hakuzaa. Ukimpa pole anakujibu, "Ya nini? Sikutaka," kama mtu anayekataa sukari kwenye chai. Profesa alimpenda mwanangu, tena sana, na akimchoka alikuwa ananikabidhi bila aibu: "Chukua mtu wako, nina kazi."

Alipofariki, siku ya kumzika nilikuwa uani kwake na kina mama, namenya vitunguu, mtoto mgongoni. Kaka yake, mzee aliyetoka Bukoba, alikaa karibu nasi akijisomea historia ambayo angeisoma chini ya turubai. Nikasikia: "Marehemu hakujaliwa kupata mtoto."

Nikaweka kisu chini.

"Shikamoo mzee. Hapo umekosea."

"Marahaba. Wapi, binti?"

"Siyo kwamba hakujaliwa. Hakutaka."

Mmoja wa kina mama akanivuta kanga.

"Wewe ni nani kwenye ukoo wetu?" mzee akauliza.

"Mie msusi wake."

"Msusi."

"Ndiyo. Nyie mlikuwa naye Krismasi, mie nilikuwa naye kila akifumua nywele. Ukisoma hivyo unamzika mtu mwingine."

Nilidhani atanifukuza. Akaiangalia karatasi yake, akashusha sauti.

"Unafikiri sijui? Amenigombeza tangu ujana kwa kumwombea apate mtoto. Lakini shangazi yetu amekaa pale mbele, amevuka miaka tisini. Nikisema hakutaka, atazimia."

"Tutampepea. Profesa anazikwa mara moja tu."

Mzee alikunja karatasi akaondoka, nami nikarudi kwenye vitunguu na hasira zangu, nina hakika atasoma vile vile. Mtu aliyefundisha dunia nzima kujisemea, anasindikizwa na uongo ulioandikwa na ndugu yake. Nilikata vile vitunguu vibaya mno.

Tulipoitwa chini ya turubai, mzee alisoma kuzaliwa, akasoma shule, vyuo, vitabu. Alipofika pale, akavua miwani.

"Dada yangu hakuzaa kwa sababu hakutaka," alisema. "Aliniambia mara nyingi niache kumwombea. Sikumsikia. Leo nimeacha."

Kisha shangazi, kwenye kiti chake cha plastiki, akasema kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyesikia vizuri:

"Kweli kabisa. Hata mie aliniambia hivyo, na nilikuwa nishamtafutia mganga."

Wanafunzi wake wakaanza kucheka huku wanafuta machozi, kicheko kikasambaa mpaka kwa wapishi uani. Aliyebaki na shida ni mchungaji. Alikuwa amejiandaa kuhubiri juu ya mwanamke tasa aliyelilia mtoto. Nilimwona anafunua kurasa za Biblia haraka haraka, akitafuta mwanamke mwingine.