Nyota ya Mpishi

Juzi nilipeleka nishani ya nyota ya marehemu mume wangu kwa ofisi ya askari wa zamani hapa Nyeri, niambiwe ni ya nini. Shemeji yangu akanifuata, ati ashuhudie aibu yangu.

"Ndugu yangu alikuwa mpishi tu," akasema hapo kaunta. "Hiyo aliokota."

Karani, naye alikuwa askari zamani, akaigeuza, akapapasa utepe, akavua kofia. "Mama, hii ni ya vita ya Burma. Hakuna mtu alipewa kama hakufika huko."

"Lakini alikuwa anapika!"

"Kwani sisi tulipigana na tumbo tupu, mzee?"

Hata vita inakula, lakini watu husahau. Shemeji akanyoosha mkono aishike kidogo.

Nikamwambia, "Nawa kwanza."