Mvua Niliyoitangaza Kibokoni

Haya, nitawaambia, lakini msinicheke kabla sijamaliza: ni mimi niliyewafungia wakwe ndani siku ya harusi ya mdogo wangu Swafia, kwa sababu ya mvua ambayo haikuwapo.

Nilikuwa nimenunua barometa, kitu cha shaba mfano wa saa ya ukutani, chenye mshale unaoonyesha mgandamizo wa hewa umepanda au umeshuka, na mimi (mwanijua, naweza kuitazama chai mpaka ikapoa) nilikuwa nikikaa mbele yake nikijiona nasikiliza mbingu zikinong'ona. Nilisoma mahali kwamba mgandamizo ukishuka, mvua i karibu. Basi siku ile, baada ya adhuhuri, biriani imeshapandishwa darini juu tunapoanika nguo, mikeka imetandikwa, asumini zinanukia, nikatupa jicho ukutani: mshale umeshuka!

"Mama, mvua yaja! Tena kubwa!"

"Rukia, mbona kweupe hivi?"

"Mama, hii ni sayansi."

Ningeishia hapo ingekuwa afadhali, lakini nilichungulia uchochoroni nikawapigia kelele majirani zetu wa Kibokoni waanue nguo, nao wakaanua, madirisha yakafungwa, sinia zikateremshwa ngazi ile nyembamba, na wakwe walipofika kutoka mtaa wa Kuze tukawabana wote sebuleni na mabuibui yao, chini ya pangaboi moja linalozunguka kwa kusitasita. Tukangoja. Wanja wa bi harusi ukaanza kumteremka mashavuni. Bi Zuhura, mamake bwana harusi, akawa ajipepea kwa kawa la chakula.

"Mwanangu, mvua yenyewe i wapi?"

"I njiani, Bibi."

"Basi mimi nitatangulia," akasema, akalegea, akazirai.

Harusi yageuka matanga, na sababu ni mimi! Tukambeba juu ya kiti, wanawake wanne, mpaka darini, na huko (wallahi) upepo wa bahari ulikuwa ukivuma mwororo, mbingu buluu tupu, kama tumetokea ndani ya ndoto ya mtu mwingine. Bi Zuhura akafumbua macho, akatazama huku na huku.

"Pazuri hivi, na nyinyi mwatuoka kule chini?"

Wote wakacheka. Mimi nikashika ngazi, nikapandisha sinia upya, huku majirani wakianika tena nguo zao.

Siku zilizofuata niliuchunguza ule mshale: hupanda asubuhi, hushuka alasiri, hupanda tena jioni, kila siku, kuwe mvua kuwe jua, kama kifua cha mtu aliyelala. Pwani yetu yapumua hivyo. Na alasiri hiyohiyo, nchi kavu ikishapata joto, hewa yake huwa nyepesi, na ile nzito ya baharini huingia polepole kushika nafasi, yaani nilifunga madirisha saa ya upepo wenyewe.

Barometa bado naitazama, na bado yanipeleka mbali, lakini nimeapa kutotangaza mvua tena maishani. Swafia akinipigia simu kuuliza kama aanike, namwambia amwulize mama mkwe wake.