Namba Ambayo Hatukuisikia

Miaka ya sabini kazi yangu Kisumu ilikuwa kusikiliza redio za mafuriko. Kule milimani, kando ya mito miwili inayoshuka uwanda wa Kano, palikuwa na vituo viwili, na kila kimoja kilikuwa na mtu wa kusoma nguzo ya kupimia kina cha maji. Kituo cha tatu hakikuwa na mto. Kazi yake ilikuwa kuwasikia hao wawili, kujumlisha futi zao na kututumia jumla. Mvua ikimeza sauti moja, tulitoa ile iliyosikika kwenye jumla, tukaipata iliyopotea. Mpango huo niliuamini kuliko nilivyomwamini bosi wangu.

Siku hiyo kituo cha kwanza kilisema tatu. Cha pili, kimya. Cha tatu kikasema kumi na saba. Nilitoa, nikatoa tena, maana kumi na nne ilikuwa haijawahi kusikika kutoka mto ule. Niliogopa. Bosi akasema jumla imekosewa, hawezi kuhamisha watu kwa namba ambayo hakuna aliyemtamkia. Nilimjibu vibaya, nikapanda basi la Ahero kwenda kwa mama, kule Kano.

Kano hapakuwa na hata tone la mvua. Jua lilikuwa kali, na mama alikuwa akianika mpunga. Kwetu maji mabaya huja na jua hivyo hivyo, yakitoka kwenye mvua ya wengine. Nilimweleza habari ya kujumlisha na kutoa. Alinisikiliza huku akigeuza mpunga wake. Alikuwa mjane, na kaburi la baba lilikuwa pale pale uani. Hangeliacha kwa sababu ya hesabu.

"Nyathina, mwanangu, nani ameyaona hayo maji kwa macho?"

"Mimi, mama. Nimetoka huko."

Alinitazama sana. Kisha akawafunga kuku miguu, akawaita majirani, tukapanda kwa mjomba kwenye mwinuko. Alfajiri maji yalikuwa yamefunika paa la jiko la mama.

Baadaye habari za kituo cha pili zilitufikia. Yule msomaji alimtajia mwenzake wa kituo cha tatu namba yake, na kabla hajatutajia sisi, mto ukamchukua pamoja na kibanda. Hakupatikana.

Nilimpelekea mama habari hiyo. Aliweka ungo chini.

"Nilijua si wewe uliyeyaona," alisema. "Huyo aliyeyaona, mama yake yuko hai?"