Majani ya Omubirizi Sebuleni kwa Cleophace

Joanitha wa Isingiro alisomea kemia ya dawa zilizomo ndani ya mimea, na mmea aliouchagua ni omubirizi, yale majani machungu ambayo kila mtoto wa Kyerwa amenyweshwa huku amebanwa pua. Watu wakamcheka, eti mwaka wa tano huu yuko chuoni Dar es Salaam, kumbe anasoma kichaka cha nyuma ya jikoni. Hakujali. Alitaka kujua ndani ya jani lile kuna nini hasa.

Shida ilianzia kwenye mzigo wa kwanza. Baba yake, mzee Cleophace, aliyachuma majani, akayaanika, akayatuma kwa basi. Maabara haikuona kitu cha maana. Joanitha akapima mara tatu, akaishia palepale. Msimamizi wake akamwambia alete majani mengine kabla mwezi haujaisha, la sivyo atafute mada nyingine. Kesho yake akapanda basi.

Nyumbani akamkuta baba amekwisha kumwandalia gunia jingine, limesimama mlangoni kama mgeni. Baada ya shikamoo na habari za safari, mzee akachota majani, akayatikisa karibu na sikio, kama anavyopima kahawa ya maganda kabla ya kuipeleka chama cha ushirika.

"Sikiliza yanavyolia," akasema. "Siku sita juani, kwenye mkeka wa kahawa. Nimegeuza mwenyewe."

Joanitha akakaa chini. Huyu ni mtu ambaye kahawa yake haijarudishwa hata debe moja, na ndiyo iliyomsomesha. Lakini mwezi ulikuwa umebakiza siku kumi na moja.

"Baba, kahawa inataka jua. Dawa hii jua linaiua. Tuchume upya, tuanike ndani."

Mzee akalibeba gunia hadi migombani, akamwaga lote. Aliporudi akauliza, ndani wapi, maana jikoni kuna moshi na ghalani kuna panya. Ikabaki sebule. Wakatoa viti, wakafunga kamba ukuta hadi ukuta, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, wakatundika matawi.

Siku saba Cleophace alipokea wageni nje. Katekista Jovitus alipokuja, mvua ikamkuta barazani.

"Mzee, siku hizi sebule umewapa mbuzi?"

"Nimewapa chuo kikuu. Sogea huku, unanyeshewa."

Joanitha akarudi Dar na mfuko mmoja mwepesi, ameupakata njia nzima, kondakta akimwambia auweke juu naye akikataa. Wiki ya pili akapiga simu.

"Baba, dawa imeonekana."

Mzee akakohoa. "Basi nifungue kamba? Jovitus ameshikwa na mafua."

"Usifungue, baba. Nahitaji mzigo mwingine."

Mzee akaguna, akatafuta koti lake la mvua, akampelekea Jovitus.