Lori Lililovuka Bila Dereva Wake

Mama mdogo, aliyenilea baada ya mama yangu kufariki, alikuwa dereva wa malori ya jeshi. Alizaliwa Rombo, kwetu Umaasaini, karibu na mpaka, akajiandikisha wakati ambapo wazee wa kwao waliamini anakwenda kupikia wanaume. Alipostaafu alikuja kukaa nami Kitengela. Kila asubuhi alitandika kitanda akakaza shuka mpaka usione mkunjo, kisha akakaa nje na chai yake, kimya.

Mimi hushona na kutunza mavazi ya waigizaji. Kampuni moja ilipokuja kurekodi drama ya televisheni kuhusu maisha ya kambi ya jeshi, kwenye mbuga za huku kwetu, nilipewa kazi ya sare. Nilivyoendelea kushona ndivyo nilivyoona jinsi hadithi yenyewe ilivyogawanywa. Wanawake wa kambi ile walikuwa wapishi, au wake wanaolia kwenye simu. Mmaasai alikuwa mmoja tu, mlinzi wa lango mwenye rungu, na aliyemwigiza alikuwa mwanamume wa Machakos asiyejua neno la Kimaa. Nikamwambia mwelekezi wa drama hiyo kwamba nyumbani kwangu kuna askari asiyefanana na hao.

"Mlete," akasema.

Mama mdogo alikuja na shanga zake shingoni na viatu vilivyopigwa rangi vikang'aa. Yule mlinzi wa lango akamsalimu kwa Kiswahili cha kuvunjavunja.

"Mbona unaongea hivyo?" mama mdogo akamuuliza.

"Ndivyo wameandika, mama."

"Ukinisalimia kwa Kimaa sema takwenya, nitakujibu iko. Halafu ongea kawaida. Hata sisi kambini tuliongea kawaida."

Mwelekezi alisikia, akabadilisha maneno ya mlinzi siku hiyo hiyo. Mama mdogo naye akapewa tukio: kuvusha lori lenye majeruhi kwenye korongo la mchanga. Nilimpunguzia sare kiunoni. Akaendesha kutoka ng'ambo moja hadi nyingine, vumbi likipanda nyuma, na mwigizaji aliyeigiza afisa alipomuuliza kama watavuka, alijibu kwa maneno yake mwenyewe: "Shikilieni hao waliolala. Hii ni kazi yangu."

Alipozima injini hakushuka mara moja. Alibaki ameshika usukani, na nilipopanda kumtazama nilikuta anatabasamu peke yake.

"Nilidhani nimesahau," akasema.

Kuanzia hapo alibadilika. Aliwaambia akina mama wa kanisa habari za lile lori, akawaambia majirani, akampigia mwenzake wa zamani jeshini aje waitazame drama pamoja. Sijawahi kumsikia akiongea kiasi kile.

Walituonyesha drama hiyo kwenye ukumbi mmoja mjini Kajiado. Mlinzi wa lango alikuwa amerudishiwa Kiswahili chake cha kuvunjavunja, na watu wakacheka. Kisha lori likatokea, vumbi lile lile, korongo lile lile. Kamera ikaingia ndani, na kwenye usukani alikuwa kijana mzuri wa uso, jasho likimtiririka. Yeye ndiye aliyesema hii ni kazi yangu.

Mwenzake wa jeshini alimwinamia mama mdogo. "Wewe uko wapi?"

"Ni mimi naendesha," mama mdogo akajibu. "Uso ndio si wangu."

Asubuhi nilimpigia mwelekezi kumuuliza. Hakukana. "Wenye kituo cha televisheni walisema watazamaji hawataamini. Mwanamke, tena Mmaasai, na gari kubwa hivyo. Niliwabishia nikashindwa." Nilimwomba kipande kilichokatwa, akaahidi kunitafutia. Baadaye akaniambia kilishafutwa.

Walipopanga msimu wa pili alinipigia mwenyewe. Walimtaka tena, kuendesha tu, akipigwa picha kwa mbali. Nilifikisha ujumbe.

"Mwambie yule kijana aendelee," mama mdogo akasema. "Si ameshajua."

Mwezi ule alifunga vitu vyake akarudi Rombo. Alisema anataka kuwa karibu na ng'ombe wake. Alipokaa nje na chai yake zamani hakuwa akingoja kuonekana na mtu. Mimi ndiye niliyemfanya angoje, na hilo halinitoki.

Humtembelea ninapopata nafasi. Huniuliza habari za kanisa, za majirani, za magoti yangu yanayouma. Habari za kazi haulizi, nami sijui pa kuanzia.